Fundi wa Jaws Corner na pointi 3098 za Caruana

SALUM: Assalamu alaikum wasikilizaji. Nimetoka Jaws Corner, baraza yetu ya Mji Mkongwe, sasa hivi na ugomvi. Kuna bwana kashinda bao mara tatu mfululizo, kanyanyuka kwenda kuswali Maghribi, hakurudi. Leo anajitangaza fundi.

ZUHURA: Waalaikumu salaam. Aliwafunga nani?

SALUM: Vijana wawili na muuza kahawa.

ZUHURA: (anacheka) Haya, twende kwenye sataranji. Sisi fundi wa bao tunamjua kwa macho. Wenzetu wana hesabu ya kumpa kila mchezaji pointi za ubora wake, aliyoitunga Arpad Elo, profesa wa fizikia kule Milwaukee, Marekani; FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, waliipokea mwaka 1970. Haiulizi umeshinda mara ngapi. Inauliza ulitarajiwa kuvuna nini.

SALUM: Polepole, Bi Zuhura. Wengine hisabati tuliikimbia zamani.

ZUHURA: Ukimzidi mwenzio pointi 200, mkicheza mara mia unatarajiwa kupata alama 76 hivi, sare ikiwa nusu. Ukipata hizo 76 unabaki palepale. Ukipata 60 unashuka, na umemshinda.

SALUM: Dhulma hiyo!

ZUHURA: Dhulma ni kumsifu anayefunga watoto jioni nzima.

SALUM: Nimekuelewa, tena umenigusa. Sasa zile pointi 3098 anazosifiwa mchezaji wa sataranji Fabiano Caruana, za mashindano mamoja tu, zimetoka wapi?

ZUHURA: Sinquefield Cup, Saint Louis, 2014. Ah, mashindano yale! Alishinda michezo saba ya mwanzo bila kupumua, Magnus Carlsen, bingwa wa dunia wakati ule, naye akaangukia humo. Kisha sare tatu. Alama 8.5 kwa 10. Wapinzani wake wastani wao ulikuwa 2802, na jedwali la FIDE linaipa asilimia 85 pointi 296. Jumlisha.

SALUM: 3098! Kumbe hesabu ya sokoni Darajani hii. Basi alimpita Carlsen, maana kilele cha Carlsen ni 2882, Mei mwaka huohuo.

ZUHURA: Hapo ndipo wengi wanapoteleza. 2882 imejengwa kwa miaka. Kwa wachezaji wa ngazi ile, mchezo mmoja haukusogezi hata pointi 10. Ile 3098 ni michezo kumi tu. Mvuvi wa Nungwi akirudi leo na ngalawa imejaa nguru, msifu kwa leo. Uvuvi wake usubirie msimu.

SALUM: Na Bobby Fischer, 1971? Alimfunga Taimanov 6–0, Larsen 6–0.

ZUHURA: Hapo fomula inagoma kabisa. Aliyeshinda yote, hesabu haioni mwisho wake. FIDE wamekata tu: wastani wa wapinzani, ongeza 800.

SALUM: Kwa hiyo bwana wetu wa Maghribi anastahili wastani wa wale vijana na muuza kahawa, na 800 juu?

ZUHURA: Muuza kahawa ana ngapi?

SALUM: Nilimuuliza. Anasema alikuwa anamimina vikombe, mchezo ule hauhesabiwi.