Chombo Kimoja, Mikono Mingi: Mhadhara Kuhusu Adabu za Kula

Mwenyekiti, walimu wangu na ndugu wasikilizaji, nashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie adabu za kula za mataifa mbalimbali, nami nitaanza na sinia, kwa kuwa ndilo lililonilea, na kwa kuwa naamini kwamba adabu ya kula huzaliwa na chombo: watu wakila katika chombo kimoja, adabu hulinda fungu la mwenzao, kila mtu akipewa sahani yake, adabu huhamia kwenye kifaa na mkono unaokishika.

Tazameni sinia la pilau katika nyumba ya pwani, iwe Lamu, Mombasa au Unguja. Kijana hupita na birika na beseni akiwanawisha watu, kisha wote huketi mkekani kulizunguka sinia. Hapana mstari uliochorwa juu ya wali, lakini kila mlaji anaujua mpaka wake, naye humega tonge kuanzia ukingoni mwake kwenda ndani. Msingi wake ni hadithi mashuhuri ya Umar bin Abi Salama, ambaye alipokuwa mtoto mkono wake ulikuwa ukizunguka chomboni, na Mtume (s.a.w.) akamfundisha ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho karibu naye. Bibi yangu alikuwa akichambua samaki kwa vidole vitatu, akitoa miba yote, huku akiisukuma minofu kidogo kidogo kuelekea upande wa mgeni bila ya kukatiza mazungumzo, hata mgeni akija kutazama, mbele yake pamejaa.

Wahabeshi nao hula pamoja juu ya injera, mkate mpana wa unga uliochachushwa wa teff, nafaka ndogo ya kwao, ambao wenyewe ndio sahani na ndio kijiko. Kwao mpaka huvukwa kwa makusudi: mwenyeji humega injera, akafumbata mchuzi ndani yake, akamlisha mgeni kinywani kwa mkono wake. Tonge hilo huitwa gursha, na kulikataa ni kumvunjia heshima mlishaji.

Ulaya pia ilikuwa na chombo cha pamoja, jambo tunalolisahau tunapofundishwa uma na kisu kana kwamba Wazungu walizaliwa navyo. Mwaka 1530 Erasmus wa Rotterdam, mwanazuoni wa Kidachi, aliwaandikia watoto kitabu cha adabu, akawakataza kulamba vidole vyenye mafuta au kuvifuta kwenye nguo, bali wavifute kwa kitambaa. Muislamu, kwa upande wake, amefundishwa kuvilamba vidole kabla ya kuvifuta, kwa kuwa hajui baraka imo katika sehemu ipi ya chakula. Huniuma sana nikisikia mtu akimwita mwenzake mshenzi kwa jambo ambalo mwenzake analifanya kwa ibada.

Uma wenyewe uliingia kwa ajili ya jirani. Thomas Coryat, Mwingereza aliyezuru Italia mwaka 1608, aliona kwamba Waitaliano huishikilia nyama kwa uma wanapoikata katika sahani kuu, na kwamba anayeigusa kwa vidole huwaudhi wenziwe, kwa sababu vidole vya watu wote havilingani kwa usafi. Sahani zilipotengana, sheria zikageukia kiungo na kifaa: Mfaransa hutaka mikono ionekane mezani, Mwingereza huilaza mapajani anapokuwa hali.

Japani kila mtu ana bakuli lake la wali, na makatazo makubwa ni ya vijiti. Kuvisimamisha wima ndani ya wali ni mwiko, kwa sababu hivyo ndivyo wali unavyotengwa kwa ajili ya maiti. Kumpokeza mwenzako chakula kutoka vijiti hadi vijiti ni mwiko mzito zaidi, kwani baada ya maiti kuchomwa jamaa huiokota mifupa kwa vijiti na kupokezana hivyo hivyo. Mgeni anayefanya hayo kwa kutojua huwa amewakumbusha wenyeji wake msiba wao katikati ya chakula.

Mtu aliyelelewa kwa uma akifika kwenye sinia letu, mwenye nyumba hamsubiri ahangaike na tonge. Kijiko huletwa kabla hajakiomba, kikawekwa upande wake wa kulia, naye akaambiwa karibu kama wengine.