Sauti za Kifua: Wakati, Mahali na Ukimya

Ndugu wanafunzi wa uuguzi na utabibu,

Mwaka 1816, katika hospitali ya Necker mjini Paris, daktari René Laennec aliona haya kumlazia sikio kifuani mgonjwa wa kike, akaviringisha karatasi ikawa bomba na kusikilizia humo, akashangaa kwamba mapigo ya moyo yalisikika vizuri kuliko alivyozoea. Stetoskopu mnazotundika shingoni, wakati mwingine kwa mapambo tu, zimetokana na haya hiyo.

Kabla ya kuigusa stetoskopu, mfunue mgonjwa kifua na mtazame anavyopumua. Kwa mtoto aliyetulia, hesabu pumzi kwa dakika nzima: anapumua haraka akifikisha 60 akiwa hajatimiza miezi miwili, 50 kuanzia miezi miwili hadi kabla ya mwaka mmoja, na 40 kuanzia hapo hadi kabla ya miaka mitano. Mtoto mwenye kikohozi anayepumua hivyo, au ambaye sehemu ya chini ya kifua chake inabonyea ndani anapovuta pumzi, mshuku nimonia hata kama masikio yako hayajasikia kitu.

Ukishaanza kusikiliza, usikimbilie kuipa sauti jina. Jiulize kwanza inatokea wakati gani na mahali gani. Mluzi husikika zaidi wakati wa kutoa pumzi, kwa sababu mirija ya hewa ndani ya kifua hupungua upana wakati huo, na ukiwa pande zote mbili mara nyingi ni pumu. Mluzi wa upande mmoja tu, kwa mtoto mdogo aliyepaliwa ghafla, unapaswa kukufanya uulizie karanga au punje ya mahindi, ambayo mara nyingi huangukia upande wa kulia kwa kuwa mrija wake ni mpana na umesimama wima zaidi. Mkoromo wa kuvuta pumzi, kinyume chake, hutoka juu, kwenye zoloto au koo la hewa; ukiusikia kwa mtoto aliyetulia, hiyo ni dharura, na usimchokonoe kooni kwa kijiti.

Zipo pia sauti fupi za kukatikakatika, nyembamba kama nywele zinaposuguliwa karibu na sikio. Mwambie mgonjwa akohoe, kisha usikilize tena. Zikitoweka, huenda yalikuwa makohozi tu. Zikibaki sehemu moja kwa mtu mwenye homa, fikiria nimonia, na zikiwa chini ya mapafu yote mawili kwa mtu aliyevimba miguu, fikiria moyo ulioshindwa kazi.

Hata hivyo, kinachonitia hofu zaidi ni ukimya. Mgonjwa wa pumu anayehangaika kupumua, ambaye dakika chache zilizopita kifua chake kilipiga mluzi na sasa hakisikiki, hajapata nafuu: hewa inayopita haitoshi hata kutoa sauti. Mpe oksijeni na salbutamoli, dawa ya kupanua mirija ya hewa, mara moja, na uite msaada. Ukimya wa upande mmoja una maana nyingine. Gonga kifua kwa vidole, kwani mlio mzito huashiria maji kwenye utando wa mapafu, na mlio wa uwazi huashiria hewa iliyovujia humo.

Kwenye faili msiandike "kifua kibaya", maneno ambayo daktari wa zamu ya usiku hawezi kuyafanyia kazi. Andikeni sauti, wakati wake, upande wake, na ilivyobadilika baada ya dawa.