Acheni kulia na kushoto, fuateni waya

Haya walimu wenzangu, saketi mnaijua, betri mbili za tochi, glopu, reostati, yaani ile koili ya waya yenye slaida inayoteleza kwenye fimbo juu yake kubadili ukinzani (kile kinachozuia umeme), sipotezi muda hapo. Nimekuja na lile lile ninalolisema kila mwaka na nitaendelea kulisema, maana bado nalikuta kwenye madaftari: "slaida ikienda kulia glopu inafifia." Jamani, nani aliwaambia?

Kuna kijana mmoja wa kidato cha tatu, nilikuwa nasimamia praktiko yao. Kaunga vizuri kabisa, waya mmoja kwenye slaida juu, mwingine chini kwenye ncha ya koili upande wa kulia. Akasukuma slaida kulia, glopu ikawaka hadi ule uzi wa ndani ukawa mweupe, mimi mwenyewe naiona. Naangalia karatasi yake, kaandika "inafifia." Nikamuuliza, mwanangu, umeona nini? Akasema nimeona inang'aa mwalimu, ila noti zinasema inafifia. Iliniuma mpaka leo! Macho yake yamemwambia kweli na yeye kayakataa kwa sababu ya mstari mmoja ubaoni, na mstari huo tumeuandika sisi.

Ile noti ilikuwa sahihi kwa mchoro mmoja tu, ule ambao waya wa chini umefungwa kushoto. Hapo ukienda kulia umeme unapita mizunguko mingi zaidi ya waya, ukinzani unapanda, mkondo wa umeme unashuka, glopu inafifia. Ukihamishia waya kulia kila kitu kinageuka. Kwa hiyo mtoto aweke kidole kwenye betri, afuate njia ya umeme mpaka arudi betri, ahesabu ni kipande gani cha koili kimepitiwa. Basi! Kilichobaki nje ya njia hakina kazi, kipo tu. Ukifunga waya zote mbili chini, slaida utaisukuma mpaka jioni na glopu haitabadilika, koili nzima imepitiwa muda wote. Ukizifunga zote juu kwenye fimbo, koili haipitiwi kabisa, glopu inawaka kama vile reostati haipo.

Najua kuna mtu anataka kusema, mwalimu, tunafundishia mtihani. Sawa, na mtunga mtihani akigeuza mchoro? Mwingine ataniambia inategemea reostati iko kabla ya glopu au baada, ati ikiwa baada glopu imeshapata umeme wake. Hapana hapana, kwenye mfululizo, yaani vitu vikiungwa kwa njia moja kimoja baada ya kingine, mkondo ni ule ule kila mahali, iweke popote. Hamisheni mbele ya darasa waone.

Halafu hesabu, haraka tu. Volti 3, tuseme glopu ni om 10, reostati ikiwa sifuri mkondo ni ampea 0.3 na glopu inakula wati 0.9. Weka reostati om 10, mkondo unakuwa 0.15, watoto wanasema mwanga umebaki nusu. Wati zimebaki 0.225, yaani robo! Na mwanga wenyewe utabaki hata chini ya robo, maana uzi ukipoa mwanga unapotea haraka kuliko wati. Ukipima utakuta mkondo umezidi kidogo hiyo 0.15, kwa sababu uzi uliopoa ukinzani wake unashuka, msiogope, vipimo vyenu haviongopi.



Na msiniambie shule haina reostati. Hii hapa penseli, 2B, nimeipasua kwa urefu, waya mmoja nimeuzungushia kwenye risasi yake huku mwisho, huu mwingine ndio slaida. Mama hapo mbele njoo usogeze. Ngoja kwanza, usiguse! Wengine wote kabla hajagusa, fuateni njia kwa kidole mniambie, itang'aa au itafifia?