Hakikisha Ruta Yako Haipokei Amri za Mtu wa Mbali

Assalamu alaikum ndugu zangu, karibuni. Leo tunaikagua ruta, na nasema hasa na ninyi wenye nyumba za wageni Shela na Mkomani, hapa Lamu. Kuta zetu za mawe ya matumbawe ni nene, wai-fai haipenyi, kwa hiyo nyumba moja utakuta ruta chini na ripita, vile vifaa vya kusukuma wai-fai mbele, mbili tatu darini. Kila kimoja kina ukurasa wake wa mipangilio. Msikiruke hata kimoja.

Fungua kivinjari, andika 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Isipokubali, geuza ruta, soma kibandiko cha chini. Ingia.

Sasa kabla hatujagusa kitu, tazama kisanduku hiki cha kupima mawasiliano, cha ping. Ukiandika anwani kama 8.8.8.8, ruta inachukua ulichoandika na kukipachika ndani ya amri ya Linux, kwani ruta nyingi zinaendeshwa na mfumo endeshi wa Linux. Kama mtengenezaji hakuweka chujio, mtu ataandika anwani, halafu nukta mkato, halafu amri yake mwenyewe. Kwa Linux, nukta mkato maana yake amri ya kwanza imekwisha, fanya inayofuata. Na ruta inafanya, mara nyingi kwa mamlaka ya juu kabisa.

Mwaka 2023 ruta za TP-Link Archer AX21 ziliingiliwa kwa njia ya namna hii. Dosari, iliyopewa namba CVE-2023-1389, ilikuwa kwenye sehemu ya kuchagua nchi, wala haikumtaka mvamizi aingie kwa neno la siri. Wenye virusi vya Mirai wakazikusanya ruta hizo kushambulia mitandao ya wengine. Ndiyo maana nawasihi: badilisheni neno la siri la kiwandani, lakini msilale mkadhani yamekwisha.

Tafuta palipoandikwa Remote Management, yaani kuiendesha ruta kutoka mbali. Zima, kisha hifadhi. Zima na telneti, njia ya zamani ya kuipa ruta amri kupitia mtandao, na UPnP, inayoviachia vifaa vya ndani vijifungulie milango ya ruta, kama huna kifaa kinachoitegemea.

Halafu sasisha programu ya ndani ya ruta, na hapa tusiwe na haraka. Pakua kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe. Linganisha modeli na toleo la kifaa, ile V1 au V2 ya kwenye kibandiko. Faili la toleo jingine laweza kuiua ruta. Umeme ukikatika katikati ni vivyo hivyo, basi chomeka kwenye UPS, ile betri ya akiba. Ikiwa mtengenezaji ameacha kutoa masasisho ya modeli yako, nunua nyingine. Najua ni gharama, lakini tundu hilo halitazibwa tena.

Kuizima na kuiwasha ruta kwa kawaida huiondoa Mirai, maana mara nyingi hukaa kwenye kumbukumbu ya muda tu. Ila tundu likiwa wazi, itarudi.

Wageni wape mtandao wao wa pembeni, wasiufikie ukurasa huu.

Mwisho, jaribu kutoka nje. Soma anwani ya WAN, yaani ya upande wa intaneti, kwenye ukurasa wa hali ya ruta, zima wai-fai ya simu, tumia bando, uiandike anwani hiyo kwenye kivinjari. Ukurasa wa kuingia ukitokea, rudi kwenye Remote Management uone kama mabadiliko yalihifadhiwa. Ukurasa ukiendelea kutokea, mpigie anayekuletea intaneti aufunge upande wake.