Mpiga Ribiti wa Paisley

Ndugu watazamaji, hamjambo. Leo ninawaeleza habari za baba mzazi wa babu yake mume wangu, aliyekuwa mpiga ribiti, yaani pini nene za chuma zinazounganisha mabamba ya meli, katika karakana ya meli ya Bow, McLachlan mjini Paisley, karibu na Glasgow. Hakuacha barua wala picha, kwa hiyo tunayoyajua ni yale tu ambayo serikali ilimuuliza.

Nashukuru kwamba Uskoti iliuliza mengi. Tangu usajili wa lazima ulipoanza tarehe 1 Januari 1855, cheti cha kifo hutaja wazazi wote wawili wa marehemu pamoja na jina la ukoo aliozaliwa nao mama yake, na nyaraka hizo husomwa kwenye tovuti ya ScotlandsPeople kwa malipo. Iliyotushika zaidi ni sensa ya mwaka 1911, iliyohesabu vyumba vyenye dirisha katika kila nyumba na kuwauliza wanawake walioolewa wamezaa watoto wangapi waliozaliwa hai na wangapi wamebaki. Karani ameandika: chumba kimoja, waliozaliwa wanane, waliobaki watano. Mume wangu aliisoma safu hiyo mara kadhaa bila kusema neno.

Kazi yenyewe ilifanywa na kikosi kidogo kilicholipwa kwa idadi ya ribiti. Kijana aliichoma ribiti motoni hadi ikawaka, akamrushia mwenzake aliyeipachika tunduni. Upande wa ndani mtu aliikandamiza kwa nyundo nzito, na upande wa nje wapigaji wawili, mara nyingi mmoja akiwa wa mkono wa kushoto, waliigonga kwa zamu kabla haijapoa. Mmoja wao asipofika, kikosi kizima kilikosa ujira wa siku. Uziwi wa uzeeni ulikuwa jambo la kawaida kwao, ingawa hakuna cheti kinachoutaja.

Wa Kisumu na Mwanza watauliza kama alizijenga meli zetu. Ni kweli kwamba SS Clement Hill na SS Usoga za Ziwa Victoria zilitoka karakana hiyo, lakini meli za namna ile ziliunganishwa Paisley kwa bolti tu, zikafunguliwa, kila kipande kikatiwa namba, zikasafirishwa hadi Mombasa na kupandishwa kwa reli mpaka Kisumu, ambako ndiko ribiti zilikopigwa. Kwa hiyo sifa ya ribiti zile ni ya mafundi wa Kisumu, na majina yao ndiyo ningependa zaidi kuyaona yametafutwa. Aliye na babu aliyefanya kazi gatini aanze kumhoji mzee aliyebaki.

Kwa upande wetu, cheti cha kifo cha mpiga ribiti wetu kimetupeleka kwa mama yake, mzaliwa wa Ireland. Huko kazi ni ngumu zaidi, kwa maana sensa za 1821 hadi 1851, isipokuwa mabaki machache, ziliteketea Dublin mwaka 1922, na sasa tunategemea vitabu vya ubatizo vya parokia.