Kilo Ziko Wapi? Kuhamisha Mashine za Karakana kwa Lori la Kukodi

Mafundi wenzangu, na ninyi vijana mnaojifunza kazi, asanteni kwa kufika. Mada yetu ni safari ndefu ya mashine nzito kwenye lori la kukodi. Huwa tunauliza mashine ina kilo ngapi, tukishajibiwa tunaridhika. Mimi naomba leo muongeze swali la pili: kilo hizo ziko wapi? Mashine ikipinduka, swali hilo la pili ndilo ambalo mara nyingi halikuulizwa.

Chukueni mashine ya kukereza chuma. Kwa mbali inaonekana ndefu na imetulia. Sogeeni. Upande wa kushoto ndiko kwenye mota, gia na spindo (mhimili unaozungusha kazi), na sehemu kubwa ya uzito iko huko. Tena iko juu, usawa wa kiuno na zaidi, ilhali miguu yake ni myembamba kutoka mbele kwenda nyuma. Ikiyumba itaangukia mbele au nyuma, yaani pale hasa watu wanapopenda kusimama wakiisukuma. Ukipitisha mkanda wa kunyanyulia katikati ya urefu wake, upande wa mota utabaki chini na upande wa pili utapaa. Kwanza sogeza kibebeo cha kisu na kichwa cha nyuma hadi mwisho wa kitanda (reli ndefu za mashine), upande usio na mota, vikaze, kisha tafuta mahali inapolingana, ukiinyanyua kidogo kidogo. Na msiinyanyue kwa ile skrubu ndefu iliyo mbele. Ikipinda hata kidogo, uzi wa skrubu utakaokata hautakuwa sahihi tena.

Milingi ya wima, yaani mashine za kuchonga chuma kwa kisu kinachozunguka, ni hatari zaidi, kwa sababu kichwa chake na mota viko juu kabisa. Kwa zile ambazo kichwa huzunguka, kigeuze kitazame chini. Shusha meza hadi ikae juu ya gogo la mbao, iweke katikati, kaza vizuizi vyake vyote. Kazi hiyo ni fupi, na mashine inakuwa nyingine kabisa kwa utulivu. Mashine za kutoboa za kusimama zenyewe zilazwe, basi.

Sasa lori. Watu hukodi kwa kuangalia nafasi, wakaona sanduku kubwa lisilo na kitu na kuamini kwamba mashine tatu zitaingia. Zitaingia, ndiyo. Lakini someni kibati cha uzito. Lori dogo la sanduku lililoruhusiwa jumla ya kilo 3,500, likiwa na lifti ya nyuma, mara nyingi hubakiwa na takriban kilo 1,000 tu za mzigo, na ndani ya hizo mnahesabu abiria, minyororo, mbao na jeki. Mashine moja ya karakana ya wastani inamaliza hesabu. Lifti ya nyuma nayo ina kikomo chake, na kikomo hicho huwa kwa mzigo uliokaribia mlango. Ukiuweka ukingoni mwa lifti, mbali na mlango, lifti haibebi kiasi kilekile. Someni pia mkataba wa kukodi. Ukizidisha uzito, bima inaweza kukataa kulipa, na kuna bima ambazo hazigusi mzigo kabisa, zinalinda gari peke yake. Kama mnaweza kupata lori la wazi lenye pete imara za kufungia sakafuni, chukueni hilo. Zile reli za mbao ukutani mwa sanduku zimewekwa kwa ajili ya makabati na magodoro.

Uzito ukae mbele ya ekseli ya nyuma, karibu na mstari wa katikati. Ukiulundika nyuma ya ekseli, magurudumu ya mbele yanapungukiwa mzigo, na usukani na breki za mbele vinakosa nguvu. Chini ya mashine weka magogo mawili marefu na uyafunge kwa boliti kwenye miguu yake. Yanapanua msingi ili isipinduke, na yanatawanya uzito ili sakafu isitobolewe na miguu minne midogo.

Hapa kwenye kufunga nitakawia kidogo, nivumilieni. Kanuni za Marekani na za Ulaya zinataka mzigo uzuiwe kwa nguvu inayolingana na sehemu 0.8 ya uzito wake kuelekea mbele, na 0.5 pembeni na nyuma. Mashine ya kilo 1,200 ukifunga breki ghafla inasukuma mbele kama kilo 960. Chuma chenye mafuta juu ya sakafu yenye vumbi, msuguano huweza kushuka hadi 0.2, yaani unazuia kilo 240 tu. Weka mpira maalum wa kuzuia kuteleza, wenye msuguano wa 0.6, nao unazuia 720. Mpira huo ni wa bei ndogo, nami sielewi kwa nini watu wanauacha. Kilo zinazobaki ni za mikanda: miwili ikivuta nyuma, miwili ikivuta mbele, yote kwa mshazari na kutoka sehemu za juu za mwili wa chuma, kamwe si kwenye meza wala mikono ya gia. Soma uwezo wa kazi ulioandikwa kwenye lebo. Nguvu ya kukatika ni namba nyingine. Kona kali za chuma zizibwe, la sivyo zitakata mkanda taratibu.

Ukiondoka, simama baada ya kilomita chache ukaze upya, kwa kuwa mbao hukaa na mikanda hulegea. Kwenye kona kumbuka kwamba kutoka 40 hadi 80 kwa saa nguvu ya pembeni huwa mara nne. Mteremkoni, gia ndogo kabla hujaanza kushuka.

Na hili nalisema kwa uzito wote: mashine ikianza kuanguka, iacheni. Hakuna mkono wa binadamu unaozuia tani moja. Kabla ya kuisogeza, kila mtu ajue atakimbilia upande gani, na mmoja tu ndiye atoe amri.

Mkifika, msiwashe mara moja. Isimamisheni na kuipima kwa pimamaji nyeti kwa urefu na kwa upana, maana kitanda kilichopotoka kidogo kitakereza fimbo iliyotakiwa kunyooka ikawa nyembamba mwisho mmoja. Kama ni umeme wa fezi tatu, yaani unaoletwa na nyaya tatu zenye umeme, mota inaweza kuzunguka kinyume. Mashine ambayo kishika kazi chake kimefungwa kwa uzi wa skrubu kwenye spindo, ikizunguka kinyume kinaweza kufunguka na kuruka. Kivueni kwanza, jaribuni kwa sekunde chache, na ikiwa mwelekeo si sahihi, fundi umeme abadilishane nafasi za nyaya mbili kati ya hizo tatu za fezi.