Masega Yako Wapi?

Mhadhara kwa mafundi wa gereji, madereva na wanafunzi wa ufundi, Mtwara Mjini

Mtwara kuchele! Ahsanteni. Mliosimama mlangoni ingieni, viti vipo huku mbele.

Nimekuja na kipande hiki cha kifaa kinachokaa kwenye bomba la ekzosi kusafisha moshi wa gari. Kipokeeni, kipitisheni safu kwa safu, ila msikidondoshe, kinavunjika kama kigae. Kielekezeni dirishani muone vile vitundu. Vimepangana kama nyumba za nyuki, ndiyo maana gereji zote tunayaita masega. Kuta za vitundu hivyo zimepakwa utando wa platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi wa petroli ukipita humo, kaboni monoksidi inageuka hewa ya ukaa, petroli ambayo haikuungua inamaliziwa kuunguzwa, na oksidi za naitrojeni zinarudi kuwa naitrojeni hii tunayovuta humu ndani. Yakiwa mazima na yamepata joto, huondoa karibu sehemu tisa kati ya kumi za sumu hizo. Hayadai oili wala hayadai fundi.

Na sisi tunayang'oa.

Nimelisema hili mara nyingi, vijana wa gereji yangu wanajua nitakapoanzia na nitakapoishia. Nitaendelea kulisema. Kuna mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliniletea gari lake dogo la Kijapani. Kwanza alilipeleka gereji nyingine, siitaji, akalalamika gari halivuti, likifika kilima cha kutokea Mikindani linakohoa. Wakamwambia masega yameziba. Wakayatoa, wakachomelea bomba tupu, akalipa ufundi, na masega yenyewe wakabaki nayo. Yule mama hakujua kwamba kilichobaki pale kina madini yenye thamani na kina mnunuzi wake. Ameibiwa, akatoa na hela ya kuibiwa!

Wiki tatu baadaye yuko kwangu. Gari bado halivuti, taa ya injini inawaka kwenye dashibodi, na watoto wake wawili wanaokaa kiti cha nyuma wanalalamika kichwa kila wakitoka shule. Hilo la watoto ndilo lililonishtua. Nikaingia chini ya gari na tochi. Pale walipochomelea palikuwa na ufa wa kuingiza ncha ya kidole, na juu yake tu sakafu ilishakuwa na tundu la kutu. Moshi ulikuwa unapanda moja kwa moja walipokaa wale watoto. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na inang'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtoto anasinzia, mzazi anadhani ni uchovu wa masomo.

Kisha nikafungua injini. Plagi moja ilikuwa imekufa, na ea klina, chujio la hewa ya injini, imejaa vumbi, ukiigonga linamwagika. Basi! Ugonjwa wenyewe ulikuwa huo. Plagi ikifa, petroli mbichi inatiririkia kwenye ekzosi, inaungulia ndani ya masega mpaka yanayeyuka na kuziba. Masega yaliyoziba ni dalili, fundi mwenzangu. Mgonjwa akiwa na homa unamtibu malaria, humkati paji la uso.

Najua kuna dereva hapa anasema moyoni, "Mzee, gari bila masega linakuwa jepesi, na mafuta linakula kidogo." Ukitoa yaliyoziba, ndiyo, utaona tofauti, kwa sababu ulikuwa umeliziba pumzi. Ukitoa mazima hutaona cha maana, na kompyuta ya gari ikikosa kusoma moshi sawasawa inaweza hata kuongeza mafuta. Unalipia sumu yako mwenyewe.

Mwingine atasema Mtwara si Dar es Salaam, tuna bahari, upepo unafagia. Kusi huvuma na kufagia, sikatai. Lakini nenda stendi ya Mkanaledi alfajiri, upepo umelala, mabasi yanapashwa moto injini. Kuna mama anauza chai na vitumbua pale. Nilimwomba anionyeshe kitambaa chake cheupe cha kufunikia beseni. Upande wa juu ulikuwa wa kijivu, nikapitisha kidole kikatoka cheusi, chenye utelezi. Vumbi letu ni jekundu, na halitelezi. Ule ulikuwa masizi ya dizeli. Na mjukuu wake amesimama pembeni, pua yake iko usawa wa ekzosi.

Masizi yale unayoyaona ni afadhali. Yanayoingia hadi ndani kabisa ya mapafu ni chembe za chini ya maikromita 2.5, na unywele wa kichwani ni mnene kuzishinda karibu mara 30. Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Wataalamu hawabahatishi tena hapo.

Msiniambie haiwezekani kubadilika. Petroli yenye madini ya risasi tuliitumia miaka na miaka, na nchi za kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzo wa 2006. Dizeli yenye salfa nyingi, Afrika Mashariki ilikubaliana kushuka hadi sehemu 50 katika milioni kuanzia 2015. Mafuta yamesafishwa, sisi tunaharibu chombo!

Mwenyekiti ananionyesha dakika mbili. Haya, harakaharaka. Malori ya makaa ya mawe yanayoshuka kutoka Ruvuma kwenda bandarini: nozeli za kunyunyizia dizeli zipimwe, na mzigo usizidi, lori likitoa moshi mweusi mlimani linatupa dizeli hewani. Bodaboda, badilisheni oili kwa wakati na safisheni kabureta. Gesi, hilo lilitaka siku yake. Inatoka Msimbati, tangu 2015 bomba linaipeleka Dar, na bajaji za kule zinatembelea gesi. Bajaji za Mtwara nazo zinastahili, na tuidai kwa sauti. Na ukaguzi: trafiki anatazama matairi, taa, bima. Nani humu ndani aliwahi kuulizwa masega? Nyoosheni mikono. Hakuna hata mmoja. Diwani, naomba uandike hilo.

Maswali tutajibizana nje. Kipande changu kiko kwa nani? Kirudisheni. Nimeomba lile Noah jeupe lililo chini ya mwembe tulipandishe jeki, wanafunzi waingie chini mmojammoja na tochi. Dereva wake yuko wapi? Funguo, ndugu yangu.